Nani Humu Atanijibu: Miaka Yangu Katika Ofisi ya Ufadhili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi ya kuchana bahasha. Ninyi mliobaki ofisini mmezoea maombi yanayoingia kwenye kompyuta yakiwa yamejipanga yenyewe, na mara nyingi mmeniuliza zamani tulikuwa tunafanyaje. Tulichana bahasha. Zilikuwa za kaki, nyingi zikiwa zimeshatumika mara moja, jina la mpokeaji wa kwanza limekatwa kwa kalamu na letu kuandikwa pembeni. Nyingine zilinuka moshi. Nilichana kuanzia asubuhi hadi saa nane, kisha karani wa masjala akaja akaangalia lundo la bahasha nililokuwa nimelitupa kwenye kapu, akaniambia nizitoe zote.

Karani huyo alikuwa Mzee Ndahani. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amefundisha shule za msingi huko Usandawe kwa miaka mingi. Aliniambia bahasha husomwa kabla ya barua. Mhuri wa posta unaonyesha barua imetoka wapi na imesafiri siku ngapi, na mwandiko wa juu ukiwa tofauti na wa ndani, ujue kuna mtu mzima amesaidia, na ni vizuri kujua ni nani. Nikazirudisha bahasha moja moja kwenye barua zake. Nilikosea tatu. Hizo tatu alizijua bila kuuliza.

Mfuko wetu ulikuwa na jukumu moja, na bado ni hilo hilo: kuwalipia masomo ya chuo vijana waliomaliza sekondari kutoka jamii ndogo za kanda hii ya kati. Wasandawe, Wahadzabe, Wataturu, Waburunge. Ni watu ambao ukilitaja kabila lao mjini, wapo watakaokuuliza ni wa nchi gani. Mimi ni mwanamke wa Kigogo kutoka Gulwe, baba yangu alikuwa fundi wa njia ya reli. Hapa Dodoma hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kabila langu kwa mshangao, na kwa muda mrefu sikujua kwamba hilo nalo ni jambo la kushukuru.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kabati la chuma ambalo droo yake ya pili ilifunguka kwa teke tu, pikipiki moja, na taipureta ambayo herufi ya M ilikuwa inaruka. Kwa Kiswahili huo si ugonjwa mdogo. Barua ya kumpongeza mwanafunzi ilitoka inapongeza wanafunzi, na ilibidi tukae na kalamu tukizijaza M zote kwa mkono kabla ya kuzituma. Mpaka leo nikiandika haraka, mkono wangu unasita kwenye M.

Baada ya miaka michache nikawa katibu wa kamati ya usaili. Namna nilivyofika hapo haina maana kwa mtu yeyote. Kazi yenyewe ilikuwa mbili: kwenda vijijini kuhakiki kwamba mwombaji ni kweli yule anayejitambulisha kuwa, na kuandika muhtasari wa kikao kamati inapomhoji. Mzee Ndahani alinifundisha zote mbili. Kuhusu safari, aliniambia nisifike nyumba ya mtu bila kupitia kwa mtendaji wa kijiji, na nisiondoke bila kula nilichopewa. Kuhusu muhtasari, aliniambia niandike kilichosemwa na kilichofanyika, basi. Nilidhani hilo ndilo lililokuwa rahisi.

Safari za Usandawe zilikuwa ndefu. Ukitoka Chemba kuelekea Kwa Mtoro njia inakuwa mchanga, na mto Bubu ukiwa umejaa unakaa ukingoni ukisubiri upungue, siku mbili au tatu, wewe na wauza vitunguu. Kijijini watu walinijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, swali moja jibu moja. Kisha waligeukiana wakazungumza kwa lugha yao, ile yenye vidoko, ulimi ukigonga kwenye kaakaa kama mtu anayevunja karanga. Mazungumzo yaliyonihusu yalikuwa marefu kuliko majibu niliyopewa. Nilijifunza kukaa kimya na kunywa uji wangu.

Mwaka mmoja tulidanganywa. Kijana wa hapa hapa mjini, baba yake akiwa na cheo chake serikalini, alileta barua ya mtendaji wa kijiji kwamba yeye ni Msandawe. Kamati ilishampitisha. Mzee Ndahani ndiye aliyegundua, wakati wa kuweka karatasi kwenye jalada, kwamba jina la kijiji kwenye mhuri limekosewa herufi. Mhuri ulikuwa umechongwa barabarani. Nafasi ile ilifutwa, ikawa tumeshachelewa kumpa mwingine, na mwenyekiti wa kamati akaona aibu ile kama yake binafsi.

Mwenyekiti alikuwa mkuu wa shule mstaafu. Sitamtaja jina kwa kuwa ameshafariki na watoto wake ni watu wazuri. Alikuwa mtu wa haki, na alikuwa anafika kwenye kikao kabla ya mwenye ufunguo. Baada ya udanganyifu ule aliapa kwamba hatapitishiwa tena mtu chini ya pua yake. Msimu uliofuata ndio alipokuja Modesta.

Modesta alikuwa binti wa miaka ishirini, kutoka kijiji cha upande wa Kwa Mtoro. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alama zilizotosha kabisa, na alitaka kusomea ualimu chuo kikuu. Tatizo lilikuwa jina lake la mwisho. Lilikuwa la Kigogo. Kwenye barua yake alieleza kwamba baba yake alipoanza shule alikaa kwa familia ya Kigogo iliyokuwa karibu na shule, wakamwandikisha kwa jina lao, na halikubadilika tena. Maelezo ya aina hiyo niliyasikia mara nyingi na mara nyingi yalikuwa kweli. Lakini mwaka ule Bubu ulijaa mapema na sikuvuka. Nyumbani kwa Modesta sikufika. Kwenye fomu yake, mahali pa uhakiki, niliandika kwamba safari imeahirishwa.

Alikuja kwenye usaili amevaa sketi yake ya shule, iliyopigwa pasi vizuri, na blauzi ya kuazima. Tulikuwa watu watano upande wetu wa meza. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, akakaa pale alipoambiwa. Maswali ya masomo aliyajibu bila shida. Kisha mwenyekiti akaufungua ukurasa wenye lile jina, akauliza habari ya baba yake, na Modesta akaeleza kama alivyoandika. Mwenyekiti akafunga jalada.

"Basi tuongeleshe Kisandawe kidogo," alisema, "tusikie hivyo vidoko."

Mjumbe mmoja akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu anayesubiri kitu cha kufurahisha, na wengine wakatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Modesta akamwangalia mwenyekiti.

"Nikisema," akauliza, "nani humu atanijibu?"

Mwenyekiti akamwambia hakuna haja ya kujibiwa, aseme tu chochote, hata kuhesabu moja hadi kumi. Modesta akasema nyumbani kwao mtu haongei peke yake mbele za watu. Mwenyekiti akamuuliza mara ya pili. Modesta akanyamaza, na akaendelea kunyamaza hadi alipoambiwa anaweza kwenda. Alituaga vizuri, akarudisha kiti mahali pake.

Mwombaji aliyefuata alikuwa tayari mlangoni. Mwenyekiti akaniambia niandike kwamba ameshindwa kuthibitisha. Nikaandika hivi: "Mwombaji hakuweza kuzungumza lugha ya jamii anayodai kutoka." Sentensi ilikuja kwa urahisi, ilikaa vizuri kwenye mstari, na sikuisoma mara ya pili.

Mzee Ndahani aliisoma. Jioni nilipompelekea muhtasari auweke masjala, alisimama nao dirishani akiwa amevaa miwani yake.

"Hakuweza, au hakutaka?" akauliza.

Nilimjibu kwamba matokeo ni yale yale. Akatoboa karatasi, akaifunga kwenye jalada, akasukuma droo. Hakulirudia jambo hilo kwangu kwa miezi yote iliyofuata. Barua ya kumkatalia Modesta niliichapa mwenyewe, nikajaza M kwa kalamu.

Kiangazi kilipoingia nilikwenda Kwa Mtoro kumhakiki mwombaji mwingine wa msimu mpya. Mtendaji hakuwepo, nikaambiwa yuko shule ya msingi ya kijiji jirani kwenye kikao cha wazazi. Nilipofika kikao kilikuwa hakijaanza. Nikakaa kwenye benchi nje ya darasa la kwanza, na ndani nikamsikia mwalimu akisema, "Fungueni madaftari," kisha sauti nyingine ya kike ikasema maneno mengine, mepesi, yenye vidoko, na madaftari yakafunguliwa. Mwalimu akasema sentensi nyingine. Ile sauti ya pili ikaifuata. Mtoto mmoja akauliza kitu kwa lugha hiyo hiyo, akajibiwa kwa urefu, darasa zima likacheka, na mwalimu akauliza kwa Kiswahili wanacheka nini.

Nilisimama nikachungulia. Sauti ya pili ilikuwa ya Modesta. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya watoto.

Mwalimu mkuu alinieleza kwamba binti huyo anajitolea. Watoto wengi wa darasa la kwanza wanaingia shuleni hawajui Kiswahili, na mwalimu wao alikuwa Mnyakyusa aliyehamishiwa huko mwaka uliotangulia. Kabla ya Modesta, alisema, nusu ya darasa walikuwa wanakaa tu hadi saa ya kwenda nyumbani.

Darasa la kwanza lilipoachiwa kwenda nyumbani, Modesta alitoka, akaniona, akaja. Alinisalimia shikamoo bila kuonyesha mshangao wowote, nikaitika. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Yeye ndiye aliyeanza.

"Siku ile nilikuona unaandika," alisema. "Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba hukuweza."

"Nilikataa."

"Najua."

"Basi hukuandika nilichofanya."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyomsahihisha mtoto hesabu. Nilimwambia ni kweli. Akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akanichukua hadi nyumbani kwao, mwendo wa nusu saa. Mama yake alikuwa anapepeta alizeti uani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, salamu na maneno ya sokoni. Modesta akamweleza mimi ni nani, na mama akauliza swali, na Modesta akasita kabla ya kunitafsiria. Mama alitaka kujua kama mimi ndiye mwenye ofisi. Nikasema hapana, mimi ni mwandishi tu. Mama akasema jambo fupi. Nikauliza amesemaje.

"Amesema basi wewe ndiye," Modesta akanijibu.

Nilikula ugali na mlenda wao, nikaaga.

Njia nzima ya kurudi nilijitetea kichwani. Muhtasari ukishasainiwa haufutwi. Kamati ilikuwa imeshaamua. Hakuna aliyelalamika. Yote hayo yalikuwa kweli, na kila nikiyapanga yalinirudisha kwenye neno lile lile moja nililoliandika kwa mkono wangu. Nilipofika ofisini niliandika dokezo la nusu ukurasa. Nilieleza kwamba mwombaji alikataa kuzungumza na wala hakushindwa, kwamba uhakiki wa nyumbani haukufanyika, na kwamba nimemsikia kwa masikio yangu akizungumza lugha hiyo na watoto wa darasa la kwanza. Nikasaini. Mzee Ndahani alilisoma, akalipiga mhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe. Mkono wake ulikuwa mwepesi siku hiyo.

Mwenyekiti aliniita. Alikuwa na dokezo mezani, na hakunialika kukaa.

"Unajua ulichofanya?" aliniuliza. "Kesho kila tuliyemkataa atasema muhtasari wa ofisi hii ni wa uongo."

Nikasema najua. Akasema anaweza kunifukuza kazi, nami nikasema hilo pia najua. Alikuwa na haki. Alilisoma tena dokezo, sasa polepole, kisha akaniuliza kama kweli siku ile wajumbe walicheka. Nikamwambia mmoja alicheka, wengine walitabasamu. Akauliza na yeye je. Nikamwambia yeye hakutabasamu, yeye ndiye aliyeuliza. Akaliweka dokezo kwenye jalada. Mwishoni akasema nitapewa onyo la maandishi, na Modesta ataruhusiwa kuomba upya. Onyo hilo lipo kwenye jalada langu, mnaweza kulisoma. Lilichapwa wiki ile ile taipureta ilipotoka kwa fundi, kwa hiyo M zote zipo.

Lakini mwenyekiti hakukubali kuacha swali la lugha. Alituuliza, bila lugha tutajuaje? Wajumbe wakamuunga mkono. Nikasema tu kwamba kama swali litaulizwa, awepo mtu wa kulijibu. Mwenyekiti akauliza mtu huyo tutampata wapi Dodoma. Nilikuwa sijui. Mzee Ndahani, aliyekuwa ameleta majalada na kusimama mlangoni kama kawaida yake, akasema yuko nesi pale zahanati ya Makutupora, anaitwa Halima, mtu wa Farkwa. Mzee mwenyewe alimfundisha darasa la tatu.

Nilimfuata. Ilikuwa msimu wa kuvuna zabibu na foleni ya zahanati ilikuwa ya vibarua, wengi wakiwa wamejikata vidole kwa mikasi ya kuvunia. Nesi Halima alinisikiliza huku akifunga bandeji. Aliniuliza binti huyo ni wa ukoo gani. Sikujua. Akasema basi atakuja, angalau mmoja wetu ajue.

Usaili wa pili ulifanyika chumba kile kile. Modesta alivaa sketi ile ile. Nesi Halima alikaa kwenye kona ya meza akiwa na sare yake nyeupe, kwa kuwa alikuwa anarudi kazini mchana. Mwenyekiti aliuliza maswali ya masomo, kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye, kwamba yupo mgeni ambaye angependa kuzungumza na mwombaji, kama mwombaji yuko tayari.

Nesi Halima alisema kitu kifupi. Modesta akageuka mzima mzima kwenye kiti chake. Akajibu. Nesi akauliza, Modesta akajibu, akauliza naye, nesi akajibu kwa urefu akionyesha kwa mkono upande wa magharibi. Modesta akafunika mdomo, akacheka. Nesi akaongeza jambo, wakacheka wote wawili. Sisi watano tulikaa. Mjumbe aliyecheka mwaka uliopita alikuwa anaangalia vidole vyake. Ilikwenda hivyo hadi chai iliyokuwa mbele yetu ikapoa, na kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi bila kuandika hata herufi moja, kwa sababu sikuelewa neno.

Walipotulia, mwenyekiti akakohoa, akamuuliza nesi wamezungumza nini.

"Bado hatujazungumza," nesi akasema. "Tumesalimiana."

"Kusalimiana muda wote huo?"

"Ameniuliza habari za nyumbani. Nami nimemuuliza za kwao. Mama yake nilikuwa simjui, sasa namjua."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kwake yeye inatosha. Modesta alipewa nafasi siku ile ile, na tangu msimu uliofuata Nesi Halima akawa mjumbe wa kamati. Ninyi mnamjua kama Mama Halima, yule asiyekubali kikao kianze kabla mwombaji hajaulizwa habari za kwao.

Modesta alisoma hapa hapa Dodoma. Kila mwaka alileta matokeo yake mwenyewe, akayaweka mezani, akakaa dakika tano, akaondoka. Alikuwa hana maneno mengi ya shukrani, na mimi sikuyataka. Alipomaliza alipangiwa shule ya sekondari wilayani Chemba, na huko ndiko alikobaki.

Miaka iliyofuata siwezi kuieleza yote. Mzee Ndahani alistaafu akarudi shambani kwake, na baada ya miaka michache tulikwenda kumzika. Taipureta ikatupwa. Serikali ilihamia Dodoma, kodi za nyumba zikapanda, ofisi yetu ikasukumwa hadi Nkuhungu, mtaa ninaoishi, kwa hiyo mimi peke yangu nilifaidika. Maombi yakaanza kuja kwa mtandao, na nikagundua kwamba vijana wengi wanajaziwa na watu wa steshenari. Msimu mmoja tulipokea maombi mengi kutoka steshenari moja, na wote walikuwa na ndoto moja tangu utotoni, iliyokosewa tahajia mahali pamoja. Nawashauri msiwakatae kwa hilo. Pigeni simu, mzungumze nao.

Kuna kosa jingine langu ambalo lazima niliandike. Tulimlipia kijana wa Kihadzabe kutoka upande wa Mkalama, mwenye akili nyingi, tukampeleka chuoni peke yake. Muhula haujaisha akarudi nyumbani. Nilimfuata. Aliniambia kwa utulivu kwamba bwenini walikuwa wanamuuliza kila siku kama anakula nyani, na alichoka kujibu. Nilimwomba arudi, akakataa, na hakurudi. Nilikuwa nimedhani kazi yetu inaishia kwenye ada. Tangu wakati huo tumejitahidi kuwapeleka wawili wawili chuo kimoja, na mtu wa ofisini anawatembelea wiki ya tatu. Tafadhali msiiache safari hiyo ya wiki ya tatu hata mkiambiwa gari halina mafuta.

Jambo langu la mwisho kazini lilikuja miezi miwili kabla ya kustaafu. Lilikuwa ombi la binti anayeitwa Ester, kutoka shule anayofundisha Modesta, ambaye sasa ni makamu mkuu wa shule. Barua yake ya kumpendekeza binti ilikuwa na mistari michache. Aliandika kwamba Ester ni Msandawe kwa baba na mama. Aliandika pia kwamba Ester hajui Kisandawe, kwa sababu wazazi wake walichekwa walipokuwa shule, wakaamua watoto wao wasichekwe, na nyumbani kwao huzungumzwa Kiswahili tu. "Naliandika hili mwenyewe," alimalizia, "ili lisigunduliwe na mtu mwingine."

Kamati ilibishana asubuhi nzima. Wajumbe wengi siku hizi ni vijana, wasomi, na hoja zao zilikuwa nzuri. Mmoja aliuliza, kama mwombaji hana lugha, sisi tunasaidia jamii ipi hasa. Mwingine akasema tukifungua mlango huu, wale wa mihuri ya barabarani watarudi. Mwenyekiti mpya, mama mmoja mtulivu, alimgeukia Mama Halima, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu chai.

Mama Halima sasa ni mzee, anatembea na fimbo. Alisema anao wajukuu watatu Makutupora. Wamezaliwa pale, wamecheza na watoto wa watu wa kila mkoa, na hakuna hata mmoja anayejua salamu ya kwao. Yeye mwenyewe alikuwa zahanati kutwa, na mama yao alikuwa mizabibuni.

"Wananiita bibi kwa Kiswahili," alisema, "na mimi naitika. Mniambie basi wale ni kabila gani."

Mwenyekiti alimshukuru. Kisha akaitisha kura. Mjumbe wa mihuri ya barabarani alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Wengine wote walikubali, kwa sharti kwamba mtu aende kuhakiki nyumbani kwa Ester. Nilikwenda mimi. Bubu ulikuwa mkavu.

Niliporudi na karatasi zikasainiwa, nilimpigia Modesta mchana, wakati najua hayuko darasani. Nilimwambia binti amepata. Akaniuliza kama kuna mtu alimtaka Ester aseme chochote. Nikamwambia hakuna.

"Sawa, mama," akasema. "Yuko kwenye foleni ya maji. Ngoja nikamwambie."

Alisahau kukata simu, au labda hakutaka kukata. Nilimsikia akitembea kwenye kokoto, upepo ukiingia kwenye simu, ndoo zikigongana mahali fulani mbele yake. Akaita jina la Ester mara moja, kwa nguvu. Nikasubiri hadi binti alipoitika, ndipo nikakata.